Picha za Macho na Kata ya Baba

Kazi yangu ni kutowaamini watu. Kila alfajiri wafugaji wa kwetu Old Moshi wanaleta maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, nami natumbukiza ndani yake kile kijiti cha kioo kinachoelea. Kikizama kupita alama, maziwa yana maji. Mwenye dumu ataapa kwa jina la Mungu, atasema ng'ombe wake kanyeshewa, atasema siku hizi majani yenyewe ni maji matupu. Mimi namwonyesha kijiti. Kijiti hakina shangazi wala jirani, na hakijawahi kumwonea mtu haya.

Watu wanadhani tabia yangu ya kukikagua kikombe kabla ya kunywa niliipata kituoni. Hapana. Niliipata kwa mama yangu mzazi, na ilitimia miaka thelathini na mitano kabla sijaiweka chini.

Mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi, mdogo wangu alianguka jikoni kwake. Ni ndugu yangu pekee, anaongoza wageni mlimani, mtu wa kupanda na kushuka Kilimanjaro kama mwingine anavyokwenda sokoni. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalala. Hajafikisha hata miaka arobaini. Majirani walisema ni mlima, umechoka kukanyagwa. Mimi nilimuuliza mkewe swali moja tu.

"Jana alikula wapi?"

"Kwa mama, Mabogini. Alimpelekea ndizi, wakala wali."

Nikakaa chini palepale kwenye kigoda. Nilijisemea, huyu mwanamke amemaliza kwa baba, sasa ameanza kwa mtoto.

Huyo mwanamke ni mama yangu. Sina budi kueleza.

Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, migomba juu na kahawa chini, nyumba ya Bibi, mama yake Baba, hatua chache kutoka kwetu. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Baba alikuwa mtu mwema mwenye siku mbaya. Siku mbaya zikimjia alifunga kitambaa kichwani akajifungia chumbani, madirisha yakafungwa, na sisi tukatembea kwa ncha za vidole. Siku nzuri alikaa nje jioni, Mama akamletea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, kile kibuyu kilichokatwa ambacho wazee wetu hunywea.

Kwetu mbege haipokelewi hivi hivi. Anayekupa huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue haina kitu. Hata mke kwa mume, hata mama kwa mwana. Ni adabu, lakini ni adabu iliyozaliwa na hofu.

Jioni ile nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa stoo kwa sababu nilivunja chupa ya taa na sikutaka kuonekana. Nikamwona Mama akimpelekea Baba kata. Akaonja, Baba akaitikia kwa kichwa, kisha Baba akainuka kwenda kumfunga ndama aliyekuwa ameponyoka. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua pindo la kanga, akatoa kijikaratasi, akamimina unga mweupe ndani ya kata na kuukoroga kwa kidole. Baba akarudi akanywa. Mama hakuonja tena.

Sikulala vizuri. Kesho yake nilimwambia Bibi.

Bibi alinipa kipande cha muwa, akaniambia nisimulie upya, taratibu. Nilipomaliza alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilifurahia ule muwa, na hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulikumbuka kuliko yote.

Wazee wa ukoo walikutana sebuleni kwa Bibi. Sisi watoto tulifukuzwa, lakini tulijua kilichotajwa, kwa maana kilitajwa kwa sauti: chungu. Mtu anayebishana na ukoo huapa, chungu kinavunjwa, na aliyesema uongo ukoo wake unateketea mmoja mmoja. Walutheri tulikuwa, Jumapili tunaimba, lakini chungu kilikuwa chungu. Wazee walisema kitaletwa Alhamisi. Jumatano alfajiri Mama alifunga nguo zake, akambeba mdogo wangu mgongoni, akaondoka. Na kwetu anayekimbia chungu amekwisha kukiri.

Hakurudi hata kwao Kilema. Alishuka mpaka Mabogini akalima mpunga wa watu mpaka akapata majaruba yake. Baba hakupona. Alizidi kuumwa. Mguu ulianza kuburuta, akawa anasahau majina, akacheka msibani na kulia harusini, na miaka minne baadaye tukamzika kando ya migomba. Bibi alisema sumu ilikwishaingia kwenye mifupa. Mdogo wangu, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na nyumba ya baba ni yake kwa desturi, ukoo ulimfuata Mabogini alipofika miaka kumi, wakamrudisha mlimani.

Mimi nilimtembelea Mama nilipokuwa mtu mzima. Mara mbili kwa mwaka, Krismasi na baada ya mavuno. Kila mara alinipikia chai ya maziwa, na kila mara, kabla hajanikabidhi kikombe, alipiga funda moja mbele yangu. Sikumwomba. Wala sikumkataza. Nilingoja ameze, nikahesabu moyoni, ndipo nikanywa. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Basi nilipompeleka mdogo wangu hospitali kubwa ya mjini, nilijua ninachotaka.

"Mpimeni sumu," nilimwambia daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alikuwa ameniamkia shikamoo kabla sijaketi, nami nikamshuku papo hapo, kwa sababu daktari akikuamkia vizuri hivyo ana jambo analolitaka kwako. Hakubisha. Walimpima damu, wakampiga picha ya MRI ya kichwa. Baada ya siku mbili aliniita ofisini, mdogo wangu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akatuonyesha ubongo wake kwenye kompyuta. Ulikuwa na madoa meupe, mengi, pande zote mbili.

"Sumu haifanyi hivi, mama," alisema. "Haya yamejijenga miaka mingi, kidogo kidogo. Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo inaziba. Kuna aina ya ugonjwa huu inayorithiwa. Si ya kawaida, lakini ipo. Baba yenu aliumwa nini?"

"Malaria," nikasema.

"Na babu?"

"Aliteleza kwenye mfereji."

Sikutaka kudanganya, lakini kwetu magonjwa ya ukoo hayatajwi mbele ya mgeni. Kabla ya posa watu hutumwa kuchunguza: ukoo ule una kifafa? Una wazimu? Una watu wa kuanguka? Nina mabinti wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua, naijua methali hiyo, ila waliotunga methali hawakuwa na mabinti wa kuoza.

Ndipo mdogo wangu akasema. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakitoka kama mtu anayetafuna, lakini alieleweka.

"Baba alikuwa anaumwa kichwa. Mama aliniambia. Kabla hakijaanza alikuwa anaona vimulimuli, taa zinazokatakata. Vidonge hataki, anasema ni vya watoto. Mama akawa anavisaga vile vya zahanati, anamtilia kwenye mbege kwa siri. Anapata usingizi." Akajaribu kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Baba alikuwa mkaidi, dada. Kama wewe."

Daktari aliandika. Mimi niliangalia kalamu yake na sikusikia alichouliza baadaye.

Msinidhanie nilibadilika palepale. Mtu hakai na shaka miaka thelathini na mitano halafu aitupe kama ganda la ndizi. Nilijiambia kwamba Mama angeweza kuitunga hadithi hiyo. Angeweza kumlisha mtoto maneno tangu akiwa mdogo, ayabebe mpaka siku yatakapohitajika. Unga ni unga. Nani alijua ulikuwa wa nini?

Daktari akasema angependa kunipiga picha za macho.

"Anayeumwa ni yeye."

"Ndiyo. Yeye tumeshampiga. Lakini ninyi ni damu moja, na kichwa hatuwezi kukifungua tukaitazama hiyo mishipa. Jicho ndilo mahali pekee ambapo tunaiona mishipa midogo ya damu bila kukata. Ile ya nyuma ya jicho ni ndugu wa ile ya ubongo. Tunataka kujua kama ugonjwa wa ubongo unaacha alama machoni. Si lazima ukubali."

Jambo zito likielezwa kirahisi hivyo mimi hutafuta maji kwenye maziwa. Niliuliza picha zitakwenda wapi. Nikauliza kama jicho likipigwa picha linaweza kutumika kufungulia simu ya mtu. Nikaisoma ile karatasi ya kukubali mara mbili, ya tatu nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Binti yule alikaa tu, akajibu kila kitu, hata la simu, bila kucheka. Nikatia saini kwa ukaidi zaidi kuliko kwa imani.

Walinitia matone ya kupanua mboni. Yaliwasha. Nikangoja kwenye benchi huku maandishi ya ukutani yakiyeyuka. Kisha nikaweka kidevu kwenye mashine, fundi akaniambia nitazame nyota ya kijani, nisipepese. Mwanga ukapiga. Mashine ya pili haikupiga mwanga, ilinung'unika tu. Fundi alisema hiyo inachora hata vile vijishipa ambavyo kamera haivioni.

Daktari aliponiita kuziona nikamwambia, "Ngoja. Sitaki uniambie."

"Nisikwambie nini?"

"Ipi ya nani. Mimi napima maziwa. Mtu akinitajia dumu ni la nani kabla sijapima, jicho langu linaegemea. Weka ya mdogo wangu, weka yangu, weka na ya mtu mzima wa afya. Ficha majina. Nionyeshe ugonjwa unavyoonekana, halafu niache nichague mwenyewe."

Alimtazama fundi. Fundi akacheka, akasema yake ipo kwenye mashine, huwa anajipiga kila akifanya majaribio, na hana neno ikitazamwa. Wakapanga picha tatu kubwa kwenye kompyuta, kila moja duara la rangi ya chungwa. Kwa mboni zilizopanuka sikuona vizuri nikiwa karibu, nikarudi nyuma mpaka ukutani ndipo zikakaa sawa. Daktari alinifundisha kwa kidole: huu mnene unarudisha damu, huu mwembamba unaileta, pima wembamba wake, tazama hapa unapopita juu ya mwenzake, unambana?

Sisi wa mlimani hatuhitaji kufundishwa sana mambo hayo. Tumekua na mifereji. Maji yanatoka juu, yanagawanyika shamba kwa shamba, na mfereji ukiziba, shamba la mwisho ndilo linalokauka kwanza. Picha ya kwanza ilikuwa na mifereji iliyojaa. Ya pili ilikuwa imepungua. Ya tatu mishipa ya kuleta damu ilikuwa imesinyaa mpaka inakatika machoni, na kwenye mchoro wa mashine ya pili palikuwa na mabaka matupu.

"Hii ni ya mdogo wangu," nikasema. "Hii ya tatu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifunua jina chini ya picha ya tatu. Kisha akasema kwa upole, "Hiyo ni yako, mama."

Niliwaambia warudie. Wakarudia. Nilimwambia fundi mashine yake imeegemea kushoto, wakarudia tena. Nilipimwa presha na sukari, vyote vikawa sawa. Daktari alisisitiza kwamba picha peke yake haihukumu mtu, kwamba mishipa husinyaa kwa sababu nyingi, kwamba kitakachosema ni kipimo cha vinasaba, nacho majibu yake hukawia. Akachukua damu yangu. Halafu akaniuliza kama nami huumwa kichwa na kuona vimulimuli.

Tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Taa zinazokatakata, upande wa kushoto, kisha kichwa. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nilijua Baba alivyokuwa akifunga kitambaa, na kila nilipofunga changu niliamini ni ile sumu, kwamba labda nami nilirambishwa kidogo utotoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimfikiria mama yangu huku nikimeza vidonge vyangu viwili. Vidonge vyeupe.

Nilitoka nje. Jua la Moshi saa saba mchana, na mboni zimepanuka kama sahani, sikuona hata mlima. Nikajifunika kanga usoni, nikaketi kwenye ukingo wa bustani ya hospitali, nikafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya. Babu alianguka kwenye mfereji akiwa na miaka hamsini, baada ya kuburuta mguu mwaka mzima. Kila mtu wa ukoo aliijua hadithi hiyo. Na Babu alikufa kabla Mama hajaolewa. Tulikuwa na jibu ndani ya nyumba siku zote, tukalificha vizuri mpaka sisi wenyewe tusilione. Nililia, si kwa ajili ya macho yangu.

Bado palibaki chungu. Kama unga ulikuwa dawa, kwa nini alikikimbia?

Jumamosi nilishuka Mabogini kwa bodaboda. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Mama alikuwa uani anapepeta mchele, mgongo umepinda sasa, lakini mikono ina kasi ileile. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya mdogo wangu. Nikamwambia ameanza kusogeza vidole. Akashukuru Bikira Maria, maana Ukatoliki wa Kilema hakuuacha hata siku moja. Kisha akaenda kubandika chai, nami nikasema nikiwa nyuma yake, kwa kuwa usoni nisingeweza.

"Mama, aliyemwambia Bibi ni mimi."

Aliendelea kuchochea kuni.

"Najua," akasema. "Ulikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Kidole gumba cha mguu kilikuwa nje."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu jioni ile ile."

"Sasa kwa nini hukuwaambia ni dawa?"

"Niliwaambia. Bibi yako akasema, dawa gani inamwagwa kwa kujificha? Nikasema basi leteni chungu, naapa." Akageuka, akafuta macho kwa pindo la kanga, na sikujua kama ni moshi. "Wakasema sawa, lakini ataapa na aliyeona. Mtoto wa miaka tisa, mwanangu. Mkono wako mdogo juu ya chungu. Na wewe hukuwa mwongo, uliona ulichokiona, na mimi sikuwa mwongo. Chungu kingemchukua nani? Nikaona bora niondoke mimi."

Mtu anayepima uongo wa watu kila siku, nilisimama pale uani nikitazama kuni. Nilisema tu, "Nisamehe, Mama," kwa sauti ambayo hata kuku hawakuisikia.

Alinisogelea, akanishika kidevu kama alivyofanya yule fundi wa mashine, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Mdogo wako alipiga simu. Alisema na wewe wamekupiga picha za macho. Wameona nini?"

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa.

"Mishipa imesinyaa. Kama ya Baba, pengine. Damu wameipeleka, majibu bado."

Siku alipoondoka hakulia, nakumbuka, nilichungulia. Siku ya mazishi ya Baba alisimama barabarani, kwa kuwa ukoo haukumruhusu kuingia, na hapo pia hakulia. Sasa alilia. Alilia kwa sauti, amenishika kidevu, akisema, "Nilidhani nimekutoa. Nilidhani nikiondoka nimekutoa kwenye chungu."

Tulikaa hivyo mpaka chai ikafurika na kuzima moto. Akainuka, akamimina iliyobaki, akaja na vikombe viwili. Cha kwangu akakipeleka mdomoni mwake, kama alivyozoea.

Nikakishika kabla hajaonja. Tulivutana kidogo, yeye huku, mimi huku, kikombe katikati.

"Kiache," nikasema.

Akakiachia. Nikanywa funda kubwa, likaniunguza ulimi. Alinikodolea macho akingoja.

"Vipi?"

"Haina sukari, Mama."

"Si umeona?" akasema, akijifuta mashavu. "Ningeonja ningejua."